Korosho za kwenye koni: ndogo mbili ni sawa na kubwa moja?

binti_mingoyo

Wadau habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nauza korosho za kukaanga hapa Mnazi Mmoja ya Mingoyo, pale njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi. Aliyewahi kusafiri kusini kwa basi anapajua. Gari likisimama tunalikimbilia na mabeseni, abiria yuko juu dirishani, konda anagonga bodi, noti inashuka na koni inapanda. Hakuna nafasi ya kutoa mizani pale. Kwa hiyo korosho zinatoka nyumbani zikiwa zimeshajazwa kwenye koni za karatasi ya kaki.

Koni tunazitengeneza mimi na wifi yangu. Tunalaza sahani ya bati yenye upana wa sentimita 20 juu ya kaki, tunachora duara kwa penseli, tunakata kwa mkasi. Duara likikunjwa mara moja na kukatwa linatoa koni kubwa mbili. Likikunjwa mara mbili linatoa ndogo nne. Gundi yetu ni uji mzito wa unga wa muhogo, tunapaka kwenye ukingo mmoja: kule mdomoni upana wa kama sentimita 1, halafu unapungua mpaka nchani. Kubwa 2,000, ndogo 1,000. Bei ilifuata karatasi: ndogo imetumia nusu ya karatasi ya kubwa, basi na bei ikawa nusu.

Sasa kinachonikosesha raha. Siku ambayo kubwa zimetoka sana, beseni linakwisha upesi na hela iliyoko kwenye kibindo hailingani kabisa na korosho zilizoondoka. Siku ambayo shule zimefunga na mabasi yamejaa wanafunzi, ndogo ndizo zinazotoka, na hela inakaa vizuri. Wanaonunua ndogo ni hao watoto wa bweni na kina mama wenye watoto mapajani. Wanaonunua kubwa ni watu wenye uwezo. Kama kweli mwenye elfu moja ndiye anayembebea mwenye elfu mbili gharama, mimi sitaki kuuza hivyo, hata kama mfukoni kunaingia.

Nikamwambia wifi tupime. Tukatumia mchele, maana korosho zimepinda na zinaacha matundu. Tukajaza ndogo mbili mfuto, tukazimimina zote kwenye kubwa moja. Mchele ukapanda mpaka karibu na mdomo. Nikapima kwa rula ya mtoto kufuata ubavu wa karatasi: kutoka nchani mpaka mchele ulipoishia ni sentimita 8, na ubavu wote ni sentimita 10. Wifi akasema, "Umeona? Kimebaki kidole kimoja tu. Tuache maneno, tukaange."

Mimi naona hicho kidole kimoja ndicho kinachotumaliza, ila sina hesabu ya kumwonyesha. Naomba kujua: zile sentimita 2 za juu zinabeba kiasi gani? Na nikitaka koni ndogo iwe ya haki kwa bei yake, niikateje? Mnieleze kwa namna ambayo nikimsomea wifi ataielewa.

abiria_wa_kusini

Dada, pandisha kubwa iwe 2,500 mambo yaishe. Abiria wa Dar akishafika Mingoyo ameshapania korosho, hatakuuliza.

binti_mingoyo

Kaka, 2,500 ni namba ya kubahatisha kama ilivyokuwa 2,000. Nataka nijue kwanza kilichomo ndani.

mwl_nachingwea

Marahaba binti. Uko sahihi, na kipimo chako cha mchele kimeshabeba jibu. Rula ya mtoto imefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Tazama ile koni kubwa ikiwa na mchele mpaka sentimita 8. Mchele ule wenyewe ni koni, umbo lilelile, ila kila kipimo chake ni nane ya kumi ya koni nzima. Kimo chake ni nane ya kumi. Upana wake kushoto kwenda kulia ni nane ya kumi. Na upana wake mbele kwenda nyuma nao ni nane ya kumi, kwa sababu mdomo ni mviringo, unapanuka pande zote. Ujazo unapungua kwa pande zote tatu, siyo upande mmoja. Kwa hiyo:

0.8 × 0.8 × 0.8 = 0.512

Yaani mchele uliofika sentimita 8 ni nusu ya koni na chembe kidogo. Kile "kidole kimoja" cha wifi kinabeba nusu nyingine nzima. Na kama ndogo mbili zimetoa nusu, basi ndogo moja ni robo. Koni yako kubwa ni ndogo nne, ikipungua kidogo sana. Mwenye 2,000 anapata mara nne ya mwenye 1,000.

Wifi asilishwe namba kwanza. Mpe koni kubwa, mwambie aweke alama ya kalamu kwenye sentimita 5 za ubavu, katikati kabisa. Ajaze mchele mpaka alama hiyo tu, amimine kwenye koni kubwa nyingine, arudie mpaka ijae. Macho yatamwambia ni mara mbili. Mikono itamwambia ni mara nane, kwa sababu 0.5 × 0.5 × 0.5 ni sehemu moja ya nane. Akishamaliza kumimina kwa mkono wake hutahitaji kubishana naye tena.

Sasa kwa nini ndogo ikawa ndogo hivyo wakati karatasi ni nusu kwa nusu? Upinde wa karatasi ndio unaogeuka kuwa mzingo wa mdomo. Nusu duara ya nusukipenyo 10 (nusukipenyo ni kutoka katikati ya duara mpaka ukingoni) inatoa mdomo wenye nusukipenyo 5. Robo duara inatoa mdomo wa 2.5. Ubavu ni 10 kwa zote. Ukitafuta kimo kwa kanuni ya Pythagoras, kubwa ina sentimita 8.66 na ndogo ina 9.68. Ndogo ni ndefu kuliko kubwa! Ndiyo maana ikisimama kwenye beseni haionekani kama inadhulumu mtu. Lakini mdomo ukipungua nusu, eneo lake linabaki robo, na urefu ule ulioongezeka hauwezi kulipia hasara hiyo.

Ujazo wa koni ni theluthi ya eneo la mdomo mara kimo. Hii theluthi ina historia ndefu. Archimedes aliandika kwamba Democritus ndiye aliyeitaja kwanza bila kuithibitisha, na Eudoxus akaja kuleta uthibitisho. Kwa koni zako inatoa hivi: kubwa ni sentimita za ujazo 227, ndogo ni 63. Ni mara 3.6. Halafu inakuja gundi. Ile sentimita 1 mnayopaka inakula mdomo wa kila koni sawasawa, lakini ndogo ina mdomo mfupi, kwa hiyo inaumia zaidi. Kubwa inashuka mpaka kama 214, ndogo inashuka mpaka kama 56. Hapo ni mara 3.8, na ndicho mchele wako ulichosema.

Sasa jinsi ya kukata. Ushauri wangu ni mmoja: koni zote zitoke kwenye nusu duara. Usitumie robo tena. Badilisha ukubwa wa duara tu. Koni zote zikitoka kwenye nusu duara zinakuwa na umbo moja, na umbo likiwa moja unahitaji kuandika namba ileile mara tatu na kuzidisha basi. Kubwa yako ni 10, na 10 × 10 × 10 ni 1,000. Ukitaka nusu yake, kata nusukipenyo 8, maana 8 × 8 × 8 ni 512. Ukitaka theluthi, kata 7, maana 7 × 7 × 7 ni 343. Ukikata 5 utapata 125, ile sehemu ya nane ambayo wifi atakuwa ameshaimimina.

Na hapa kuna jambo ninalolipenda sana, naomba ulitazame kwa makini. Robo duara ya 10 inatumia karatasi ya sentimita za mraba 78.5. Nusu duara ya 7 inatumia 77. Kaki ni ileile. Ila ya kwanza, kabla ya gundi, inabeba 63, na ya pili inabeba 78. Hujaongeza karatasi hata kidogo, umebadilisha kata tu, na mteja mdogo ameongezewa karibu robo.

aliyewahi_kubangua

Mwalimu amemaliza upande wa hesabu, naongeza upande wa korosho. Niliwahi kufanya kazi kiwanda cha kubangua huku Mtwara.

La kwanza ni nundu. Hakuna muuza korosho dirishani anayeuza mfuto, wote wanaweka kilima juu ili koni ionekane imejaa. Koni ya mdomo mpana inabeba kilima kikubwa. Kwa koni yako kubwa, kilima cha sentimita 3 tu kinaongeza kama theluthi ya ujazo wote. Kwa ile ndogo ya robo duara, mdomo wake haushiki kilima zaidi ya sentimita 1 na nusu, na hiyo haifiki hata moja ya tano. Kwa hiyo siku mnayoweka nundu, pengo la mara 3.8 linavuka mara 4. Lumbesa ya kwenye karatasi, dada. Koni zikiwa na umbo moja kama mwalimu alivyosema, kilima nacho kinafuata uwiano uleule, na hata ukijaza kwa mkono mwepesi au mzito haki haivunjiki.

La pili ni ncha. Korosho nzima haifiki kwenye ncha nyembamba ya robo duara, inakwama juu yake. Pale chini panabaki hewa. Anzeni na vipande vilivyovunjika, viwili vitatu, halafu nzima juu. Kwenye koni ya nusu duara ncha imefunguka zaidi, zinashuka vizuri. Na msiogope kukunja ncha ili karatasi isifunguke: kwenye koni kubwa, sentimita 2 za chini kabisa zinabeba asilimia 1 tu ya ujazo.

La tatu, ujazo siyo uzito. Koni ya vipande vitupu ni nzito kuliko koni ya nzima, kwa sababu vipande vinaziba nafasi. Msichanganye siku moja hivi na siku nyingine vile. Kama mnanunua nzima za daraja la W320, maana yake ni korosho 300 hadi 320 kwa ratili moja, yaani gramu 454. Hapo unaweza kuhakiki hata kwa kuhesabu: gramu 40 ni korosho kama 27.

fundibati_masasi

Mimi natengeneza faneli na vibatari, kazi ni hiihii ya kukunja nusu duara, tofauti ni bati na karatasi. Usichore kwa sahani na visosi, kila kisosi kina upana wake na kikivunjika unaanza upya. Tengeneza kiolezo cha bati. Piga msumari kwenye ubao, funga uzi, penseli upande wa pili, uzi uwe sentimita 7 kamili kutoka msumarini. Zungusha nusu. Halafu kwenye ukingo mmoja ulionyooka ongeza ulimi wa gundi, upana wa sentimita 1 kule nje ukifa kwenye ncha. Ukikata na ulimi, gundi haili tena mdomo, inakaa kwenye nyongeza. Sisi kwenye bati bila ulimi huo hakuna pa kupiga mkunjo, faneli inavuja.

Lalia kiolezo kwenye kaki, pitisha kisu. Koni ya kwanza na ya mwisho zitakuwa pacha.

binti_mingoyo

Nimerudi. Asanteni sana wote, mwalimu na mafundi wangu.

Wifi amemimina mwenyewe ule mchele wa alama ya katikati. Alipofika mara ya tano na koni bado haijajaa, alinyamaza, akaendelea mpaka ya nane. Hakusema neno, akachukua mkasi akaniuliza, "Hiyo saba tunaipimaje?"

Kwa hiyo tumekata nusu duara ya nusukipenyo 7, bado kwa gundi yetu ileile, kiolezo cha bati kinafuata. Tukaenda dukani kwa jirani kupima kwenye mizani yake, korosho nzima, mfuto bila nundu. Kubwa ya zamani imetoa gramu 120 hivi. Ndogo ya zamani, ile ya robo duara, gramu 30. Ndogo mpya ya saba, gramu 40. Ni theluthi ya kubwa kama mwalimu alivyosema.

Nikapiga hesabu ya kilo. Kilo moja ikiingia yote kwenye kubwa kwa bei ya zamani ilikuwa inatoa koni 8, yaani 16,000 na korosho za kuonja. Ikiingia yote kwenye ndogo za zamani ilikuwa inafika 33,000. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naiona kibindoni bila kuijua jina. Mtoto wa bweni alikuwa ananunua korosho kwa bei mara mbili ya mtu mzima aliyekaa naye kiti kimoja.

Tumekubaliana hivi. Ndogo mpya gramu 40 kwa 1,000. Kubwa ileile gramu 120 kwa 3,000. Kilo inatoa 25,000 iuzwe vyovyote, na mwenye elfu moja anapata gramu 10 zaidi ya jana. Nimeikataa 1,500 na 2,500 kwa sababu ya chenji, dirishani ukianza kutafuta sarafu ya 500 gari linaondoka na hela yako au unabaki na ya mtu.

Wasiwasi wangu ni mmoja. Koni mpya ni fupi. Ile ya zamani ilikuwa inakaribia sentimita 10 kwenda juu, hii ni 6 na kidogo. Abiria hajui habari za gramu, anaona imefupishwa. Nitamwambia nini kwa sekunde alizonazo?

abiria_wa_kusini

Dada, hapo nakusaidia mimi maana ndiye ninayekaa dirishani. Sisi tunaitazama koni kutoka juu. Unapoinyanyua, kitu cha kwanza ninachokiona ni mdomo na korosho zilizomo, siyo urefu wa karatasi, karatasi imefichwa na mkono wako. Kama mdomo umepanuka, mimi nitaona imejaa.

mwl_nachingwea

Na umepanuka kweli. Ya zamani ilikuwa na mdomo wa sentimita 4.7 kwa upana baada ya gundi, mpya ina 6.7. Eneo analoliona abiria kutoka juu limeongezeka mara mbili.

aliyewahi_kubangua

Mimi ningeandika uzito kwenye karatasi. Kalamu ya wino mzito, upande wa nje: "gramu 40", "gramu 120". Andika kabla ya kujaza na kabla ya kupaka gundi, karatasi ikiwa imelala. Ila ukishaandika gramu umeahidi, kwa hiyo usitegemee mizani ya jirani kama haina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka. Pima koni chache kila unapofungua gunia jipya, hasa msimu ukifunguka Oktoba, maana ukubwa wa korosho unabadilika kutoka mzigo mmoja hadi mwingine na ujazo uleule hautoi gramu zilezile.

binti_mingoyo

Nimeelewa. Mizani ya jirani ina stika, nimeiangalia leo. Tutaandika.

Mwalimu, wifi ana swali la mwisho na ameniagiza nisilale bila jibu. Kuna wanaotaka zawadi ya kupeleka Dar, noti ya 5,000 mkononi. Tukate ngapi?

mwl_nachingwea

Mwambie wifi hivi. Kwenye bei zenu mpya, koni ya 3,000 imekatwa kwa nusukipenyo 10, na 10 × 10 × 10 ni 1,000. Basi 5,000 inataka 1,667. Jaribuni 12: 12 × 12 × 12 ni 1,728, imezidi kidogo. Jaribuni 11.9: inatoa 1,685. Lakini milimita moja kwa mkasi inasumbua bure. Kateni 12. Kwenye gramu 200 ziada ni gramu 7, kama korosho tano. Mwachieni mgeni.